Mashua Nyeupe Kutoka Japani

Ulrich aliishusha kamba majini kwa mara ya arobaini na moja asubuhi hiyo, akangoja jiwe ligonge tope, kisha akaivuta na kuhesabu mafundo yaliyolowa.

"Matatu na nusu," alisema, akaandika katika daftari alilolitia ndani ya mfuko wa plastiki ili lisipate maji.

Elisée, mvuvi aliyekuwa akiusukuma mtumbwi kwa upondo, alimtazama kama mtu anayemtazama kuku akisoma gazeti. "Kaka Ulrich, unapima hii ziwa kama fundi-nguo anapima bibi-harusi. Ziwa haitaki kanzu."

"Sukuma, kaka. Tupime na pale karibu na mafunjo."

"Pale kiboko analala. Ukitaka kupima kiboko, utashuka peke yako."

Wakacheka wote wawili, na Elisée akausukuma mtumbwi hadi mahali ambapo hata yeye aliona panatosha. Kamba ikashuka tena. Mafundo mawili.

Ulrich alikuwa fundi wa simu pale Misiera, kijiji kimoja cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika kibanda cha mabati kisichozidi upana wa kitanda. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alipofika Nakivale kutoka Kivu ya Kusini, miaka kumi na minne iliyopita, alianza kwa kufungua simu zilizokwisha kufa, akichora kwenye karatasi mahali pa kila skrubu kabla ya kuigusa. Nyingi hazikupona, lakini zote zilifungwa vizuri kama zilivyokuwa. Tangu hapo ilikuwa desturi yake kutokigusa kitu kabla ya kukipima, na watu walimpenda kwa ajili hiyo.

Safari hii alikuwa ametumwa na kikundi. Watu kumi na wawili wa Misiera, yeye mwenyewe akiwemo, wakulima wa maharage na wachuuzi wadogo, walikuwa wameweka akiba kwa miaka minne chini ya uongozi wa Mama Constance, muuza vitenge. Walitaka kazi isiyongoja mvua wala mgao. Kazi hiyo iliwajia yenyewe mwezi wa kumi na mbili, wakati mwanamke mmoja wa Mbarara, Mama Kyomuhendo, mwenye nyumba ya wageni mtaani Kakoba, alipokuja ziwani kununua samaki. Alisimama ukingoni kwa muda mrefu akiwatazama ndege na viboko, samaki wake wakimngoja ndani ya ndoo. Kabla ya kuondoka alitoa ahadi. Kama kikundi kingekuwa na boti ya matembezi ifikapo Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, angewaletea wageni wake kila wiki. Kama haikuwapo siku hiyo, angewapeleka Ziwa Mburo, ambako boti zilikuwa tayari.

Kwa watu ambao mgao wao wa chakula ulikuwa ukipungua mwaka hadi mwaka, Jumamosi hizo zilikuwa kama mawingu kwa mkulima aliyekwisha kupanda. Ndiyo maana Ulrich aliamka alfajiri kwenda kulipima ziwa. Lakini mwanadamu aweza kupima vitu mia akasahau kimoja. Aweza pia kukikodolea macho kipitacho mbali hata asikione kilichotandikwa chini ya miguu yake.

Wanakikundi walikutana dukani kwa Mama Constance, wakakaa juu ya marobota ya vitenge. Ulrich alisimama na daftari lake akawaeleza alivyofanya uchunguzi. Boti mpya ya Kampala ingeimeza akiba yote na kudai nyingine. Hiyo wakaiacha mara moja.

"Na mzee Appolinaire?" aliuliza Mama Constance. "Si baba-mkwe wako? Kila siku anagongagonga mbao pale chini."

Ulrich alikohoa kidogo. Mzee Appolinaire alikuwa mtu wa Baraka, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, na nusu ya wavuvi wa Nakivale walivua ndani ya mitumbwi aliyoiunda kwa mikono yake. Bénédicte, mke wa Ulrich, alikuwa binti yake wa tatu. Bei ya mzee ilikuwemo daftarini, tena ya haki. Lakini Ulrich aliogopa maneno. Alijua kwamba akiichukua akiba ya watu kumi na wawili akaipeleka ukweni, hata malaika wangemsengenya. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitamka hata moyoni mwake. Mitumbwi ya mzee aliiona kila siku, na jicho huchoka kukitazama kilicho karibu.

"Mzee anajenga mitumbwi ya samaki," alisema. "Wageni wa Mbarara watataka kitu cheupe."

Akaitoa simu yake, ikapita mkono kwa mkono. Kwenye picha ilionekana mashua nyeupe pepepe, yenye mstari wa buluu ubavuni, viti kumi na viwili na kivuli cha turubai. Muuzaji aliandika kwamba ilitumiwa na familia moja huko Japani, siku za mapumziko tu. Bei yake, pamoja na kuisafirisha kwa meli hadi Mombasa, haikuzidi akiba yao.

"Viti bina mito," alisema mmoja, akiisogeza simu karibu na pua.

"Na ushuru je?" aliuliza Orpa, mjane aliyeuza chumvi na ambaye hakupenda kununua kitu asichokishika.

"Ushuru gani, mama?" alijibu Ulrich kwa upole. "Tangu tulikimbia, tuliona lori za mgao ngapi hapa Base Camp? Kuna hata moja ilisimamishwa juu ya ushuru? Vitu vya wakimbizi havilipiwi."

Wote wakatikisa vichwa kukubali, Orpa naye akatikisa chake. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na cha kucheka. Miaka yote waliyoishi hapo, kila kilichotoka ng'ambo, yakiwa maturubai, mablanketi, sabuni au mafuta ya kupikia, kilipita mipakani bila kulipiwa na mtu yeyote waliyemjua. Waliamini kwamba msamaha huo umo ndani ya jina la Nakivale lenyewe, kama chumvi ilivyo ndani ya bahari. Kwa hiyo Ulrich, aliyewauliza wavuvi kuhusu kina, madereva kuhusu njia na wauza mafuta kuhusu injini, hakwenda Mbarara kumwuliza mtu yeyote kuhusu ushuru. Mtu haulizi njia ya kwenda nyumbani kwake. Katika fomu ya muuzaji, mahali pa anwani, aliandika kwa herufi kubwa: MAKAZI YA WAKIMBIZI, NAKIVALE.

Jioni hiyo alikwenda kumsalimu baba-mkwe wake ili asije akazisikia habari kwa watu. Mzee alikuwa akiparuza ubao kwa randa, na maranda yalimwangukia miguuni kama nywele za kondoo. Aliitazama picha kwa makini, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Tumbo yake iko namna gani, mukwe? Iko bapa, ao iko na mugongo?"

"Ina mgongo kidogo, baba, umetokeza chini. Ni ya baharini."

"Ah." Mzee alimrudishia simu. "Iko muzuri. Ikifika tutaiona."

Akarudi kwenye randa yake. Bénédicte, aliyekuwa akisonga ugali karibu na hapo, alimtazama mumewe, kisha akamtazama baba yake, akakoroga kwa nguvu zaidi kuliko unga ulivyotaka.

Fedha zikatumwa, na kungoja kukaanza. Ulrich aliweza kuifuatilia meli kwenye simu yake, doa dogo lililotambaa juu ya bahari ya buluu. Kibanda chake kikawa kituo cha habari. Aliyeleta chaja alitaka kwanza kujua meli iko wapi.

"Iko Singapuri."

"Singapuri tena? Jana ilikuwa Singapuri. Wanakunywa chai?"

Haikupita wiki wakamwita Kapiteni. Mwanzoni aliona haya, baadaye akaanza kuitikia. Mama Constance alikata mita sita za kitenge cha buluu kwa ajili ya vitambaa vya viti. Elisée, ambaye hakuwa mwanakikundi, aliomba kazi ya uendeshaji na kuahidi kununua viatu. Hata mgao ulipochelewa mwezi wa tano, watu walivumilia kwa moyo mweupe, maana mwenye kungoja arusi haoni njaa ya mchana.

Katikati ya mwezi wa saba simu ikalia. Mashua ilikuwa imeshuka Mombasa salama, imevushwa mpaka, na sasa ilikuwa imewekwa katika yadi ya forodha Kampala. Wakala wa mizigo, Bwana Rwakishaya wa Mbarara, aliwataka wafike ofisini kwake. Ulrich alivaa shati la kanisani. Mama Constance akajifunga kitenge kipya, na asubuhi hiyo wote wawili walikwenda Mbarara wakiwa na furaha kama watu waendao kupokea mtoto.

Rwakishaya alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwapa viti, akawapa maji, kisha akawapa karatasi. Ulrich aliisoma mara moja. Akaisoma mara ya pili kuanzia chini kwenda juu, kama atafutaye skrubu iliyodondoka.

"Hii ni ya mtu mwingine," alisema.

"Hapana, sebo," alijibu wakala, akimwita bwana kwa lugha ya huko. "Ni ya kwako. Hii ni ushuru. Hii ni kodi ingine. Hii ni bandari, hii ni lori, hii ni yadi. Ile ya yadi inaongezeka kila siku."

Jumla yake ilizidi bei ya mashua yenyewe.

Ulrich akatabasamu, maana bado aliamini kwamba kosa lilikuwa dogo na la mtu mwingine. Akafungua mkoba, akatoa cheti cha ukimbizi chenye picha yake, ya Bénédicte na majina ya watoto, akakilaza mezani taratibu. "Bwana, sisi ni wa Nakivale. Iliandikwa kwenye anwani."

Rwakishaya hakucheka. Alikivuta cheti, akakisoma chote, jina kwa jina, mpaka kwenye mhuri. Kisha akakirudisha kwa mikono miwili.

"Sebo, karatasi yako iko mzuri sana. Lakini inasema wewe ni nani. Haisemi boti ni nini. Boti ni mzigo kama mzigo ya kila mtu."

"Na yale malori yanayokuja kwetu?"

"Yale iko na barua yao, ya serikali na mashirika. Kila lori, barua. Barua ya boti yako iko wapi?"

Nje, bodaboda zilikuwa zikigombania abiria, na sauti zao zilimfikia Ulrich kana kwamba zinatoka chini ya maji. Miaka minne ya akiba ya watu kumi na wawili ilikuwa imelala Kampala ndani ya ua wa nyaya, ikiliwa siku baada ya siku kama muhogo ghalani wenye dumuzi. Alijiuliza atasimama wapi kuwaambia.

Mama Constance ndiye aliyesema. "Baba, ingekuwa boti ni yako, ungefanya nini?"

Rwakishaya alivua miwani. "Mimi nauza leo. Si kesho. Kuna mtu wa Entebbe nafanyia kazi, anataka boti kama hii. Atalipa ushuru mwenyewe. Nyinyi hamtapata pesa yote, lakini mtapata mingi. Mkingoja mwezi, yadi itakula mpaka viti."

Walitoka wakakaa kwenye ngazi za jengo. Ulrich aliinamisha kichwa. "Mama, niliwaua."

"Hukuua mtu. Sote tulitikisa kichwa siku ile, hata Orpa. Mimi ni mwenyekiti, na nilikwisha kukata kitenge." Alimgusa begani. "Simama. Twende tumwambie Mama Kyomuhendo kabla hajaambiwa na upepo."

Njia ya kwenda Kakoba haikuwa ndefu, ila miguu ya Ulrich iliifanya iwe ndefu. Mama Kyomuhendo aliwapokea jikoni, mikono yake ikiwa na unga. Ulrich alieleza yote tangu mwanzo, bila kujitetea na bila kumlaumu muuzaji wala wakala. Mwanamke yule alisikiliza huku akikanda unga wa chapati.

"Sasa iko boti ama hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Siku imebaki ngapi?"

"Arobaini na tano."

Aliukata unga vipande, akavivingirisha kimoja kimoja. "Mimi niliomba boti ya Japani?"

"Hapana, mama."

"Mimi nilisema hivi: boti haivuji, iko na kivuli, iko na jaketi ya kuelea ya kila mtu. Mgeni wangu akirudi hapa, viatu iko kavu. Basi. Kama ni ya Japani, kama ni ya huko kwenu, mimi nitajua wapi?" Akamwelekezea Ulrich kidole chenye unga. "Lakini tarehe yangu haibadiliki, sebo. Nimeshaambia watu. Siku ikifika hakuna kitu, tunaenda Mburo."

Siku ile ile wakampa Rwakishaya ruhusa ya kuuza. Fedha zilirudi baada ya siku tisa, pungufu kwa kiasi cha theluthi. Ulrich aliwaeleza wanakikundi akiwa amesimama, akajitolea kulipa pengo kwa kazi yake ya simu hata kama ingemchukua miaka. Walimjadili kwa muda mrefu. Kulikuwa na waliokasirika, na walikuwa na haki. Mwisho Orpa akasema kwamba pengo ni la wote kama vile kichwa kilivyotikiswa na wote, ila akaomba kwamba kuanzia siku hiyo anayeuliza swali asijibiwe kwa swali. Hilo likaandikwa katika kanuni za kikundi.

Ikabaki kazi iliyokuwa ngumu kwa Ulrich kuliko zote. Kwao, mkwe haendi kwa baba wa mkewe na kumwomba jambo zito kwa kinywa chake mwenyewe. Huenda na msemaji, tena haendi mikono mitupu. Akanunua kilo tano za sukari na jembe jipya, na Mama Constance akawa msemaji wake. Walimkuta mzee Appolinaire amekaa juu ya gogo akinoa tezo. Ulrich aliketi nyuma kidogo, macho chini.

"Mzee," alianza Mama Constance, "huyu mtoto wako alipita mbele ya mlango wako akaenda kutafuta mbali. Sasa amerudi. Anaona haya. Sisi wote tunaona haya. Tunakuomba utujengee boti, na siku ni chache."

Mzee aliendelea kunoa. Jiwe likasema juu ya chuma, likasema tena.

"Japani ni mbali kweli," alisema mwishowe. "Mimi sikuweza kufika huko. Mukwe wangu alifika, na hakutoka hata kwenye kiti."

Mama Constance akaziba mdomo kwa kitenge asicheke. Hata Ulrich mabega yalimtikisika.

"Nitawaambia kitu," mzee akaendelea. "Ile boti mungelipa ushuru, ingefika hapa, bado haingetembea. Iko na mugongo. Ingekaa juu ya majani ya ziwa kama kuku juu ya mayai. Niliona siku ile kwenye picha."

Ulrich aliinua uso, akasahau desturi. "Baba, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza kama inafaa. Ulinionyesha picha ya kitu ulikwisha kukipenda." Mzee aliweka tezo chini. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imelegea. "Na mimi nilikosa. Niliona utafikiri nataka ile kazi. Kiburi changu kilifunga mdomo. Kwa hiyo sukari mutanipa, lakini jembe rudisheni. Kosa hatukugawana sawa, lakini tuligawana."

Kisha akataka kujua kama lile daftari la mafundo bado lipo. Kwa siku nyingi alikuwa akisikia habari zake kwa Elisée. Ulrich akakimbia kulileta. Mzee hakujua kusoma maandishi madogo, kwa hiyo mkwe akasoma na mzee akachora juu ya mchanga: hapa mafundo mawili, hapa matatu na nusu, hapa majani. Waliinama pamoja juu ya ziwa hilo la mchanga hadi magoti yakawauma, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba walihitaji msemaji. Mama Constance akajiondokea polepole.

Bei ilitajwa mbele ya wanakikundi wote, na mzee mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Mbao kavu za mvule alikuwa nazo, lakini zilikuwa zimewekewa mvuvi mmoja aitwaye Mihigo. Mihigo akakubali kungoja, kwa sharti kwamba zamu ya boti yake itakapofika, kikundi kizima kitakuja kushika mbao. Fedha zilizosalia zilinunua jaketi kumi na nne za kuelea, turubai la kivuli na injini ndogo iliyotumika, ambayo Ulrich aliifungua yote na kuifunga tena akiwa amekwisha kuichora.

Wiki zile zilikuwa na furaha kuliko zile za kungoja meli. Asubuhi wanakikundi walikwenda mashambani, alasiri wakashuka ukingoni. Mataruma yalisimama kama mbavu za ng'ombe, mbao zikapindwa juu ya moto na kugongomewa moja baada ya nyingine. Mtu yeyote aliyepita alikuwa na ushauri.

"Kapiteni, hii nayo iko Singapuri?" aliuliza Elisée kila siku, na kila siku Ulrich alimjibu kwamba imevuka.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Mama Kyomuhendo alikuja bila kutangaza. Alivua viatu, akapanda juu ya magogo, akaingia ndani ya boti iliyokuwa bado haina rangi, akajiweka kwenye benchi kwa uzito wake wote. Benchi halikulia. Akahamia upande wa pili, akasukuma ubavu wa boti kwa kiganja, akatazama juu mahali ambapo kivuli kingefungwa.

"Hapa chini iko wazi," alisema Mama Kyomuhendo, akipitisha kidole kwenye ufa kati ya mbao mbili.

"Hapo bado hatujatia kalafati, mama," alijibu mzee Appolinaire. "Hiyo njo kazi ya leo na kesho."

"Na Jumamosi ya wiki ijayo?"

"Itakuwa majini tangu Jumatano. Inywe maji, mbao zivimbe, ikamate."

Mwanamke alikaa kidogo zaidi. Upepo wa ziwani ulimpuliza, naye akafumba macho kama mtu aliyesahau alikuja kukagua. "Niko na watu tisa," alisema alipofumbua. "Wawili wanaogopa maji. Hao wakae katikati." Kisha akashuka, akavaa viatu, akamuuliza Mama Constance bei ya kile kitenge cha buluu.

Gari lake lilipoondoka, mzee aliwaita wote kumi na wawili. Kwao Baraka, alisema, boti ya watu wengi hutiwa kalafati na wenyewe. Kila mtu hupewa mshono wake, aushindilie pamba iliyolowa mawese mpaka mwisho, ili siku ikivuja kila mmoja aangalie kwanza pake kabla ya kumwangalia mwenzake. Akawagawia pamba. Vidole vikawa vyekundu kwa mawese, nyundo zikaanza kulia kwa mapigo yasiyopatana, na Orpa, ambaye hakuamini asichokishika, akawa wa kwanza kumaliza wake. Akaupitia tena kwa ukucha.

Ulrich alipewa mshono wa chini kabisa, ulio karibu na ubao wa katikati ya tumbo. Alilala chali chini ya boti, mzee amelala upande wa pili, nyuso zao zikiwa zimetenganishwa na ubao mmoja. Alikata pamba vipande vya urefu sawa na kuvipanga kifuani.

"Mukwe, usipime. Sikiliza," alisema mzee. "Nyundo ikisema *to*, bado. Ikisema *ti*, imejaa."

Akapiga. *To.* Akapiga tena, akasogea shubiri moja. *Ti.* Bénédicte alikuwa ameleta chakula, akasimama pembeni akisikiliza nyundo mbili zikijibizana, na hakuharakisha mtu kuja kula.

Walikuwa wamefika nusu ya mshono matone ya kwanza yalipogonga mbao. Pamba haishiki ubao uliolowa. Mzee akatambaa kutoka chini, akajipangusa magoti, akatazama wingu lililokuwa likivuka kutoka upande wa Isingiro.

"Funikeni," alisema. "Nusu ingine kesho."

Watu kumi na wawili wakashika pembe za turubai, wakaifunika boti yao isiyo na rangi, wakaweka mawe juu yake. Ulrich alibaki nyuma kidogo, akainua pembe moja ya turubai na kuutia ubao alama ya mkaa mahali alipokomea, kisha akawafuata wenzake waliokuwa wakikimbilia chakula. Mashua nyeupe ilikuwa Entebbe, kwa mwenye nayo, na hakuna aliyeiulizia tena. Atamaniye kipitacho njiani na akumbuke yaliyowapata watu wa Misiera: usiache mbachao kwa msala upitao.